Msongo wa tumboni na wa utotoni unavyokaa mwilini: majibu kwa barua zenu

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: yale mtu aliyoyapitia tumboni mwa mama yake na katika miaka yake ya mwanzo, yanamfuata vipi ukubwani? Nimechagua nane. Majina nimeyaacha, na baadhi ya maelezo nimeyafupisha ili aliyeandika asitambuliwe na majirani.

Mama mtarajiwa, Morogoro: Shikamoo dada. Nina ujauzito wa miezi saba. Mwezi wa nne nilifiwa na baba, nikalia mpaka nikaishiwa nguvu, hata kula nilikuwa nalazimishwa. Wifi yangu anasema mtoto ameshaunywa uchungu ule, atakuwa mwoga na wa kulialia maisha yake yote. Je, nimeshamharibu?

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa msiba. Hujamharibu. Ila wifi yako naye hajazua kitu kutoka hewani, kwa hiyo acha nikueleze kilichopo.

Mtu akipatwa na jambo la kutisha au la kuhuzunisha, sehemu ndogo ndani ya ubongo iitwayo haipothalamasi huishtua tezi ya pituitari, nayo hutuma ujumbe kwa njia ya damu mpaka kwenye tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo. Tezi hizo hutoa kotisoli, homoni inayopandisha sukari kwenye damu na kuuandaa mwili kupambana. Kotisoli ikishatosha, ubongo huihisi na kuagiza ipunguzwe. Mfumo huo ndio tutakaouzungumzia mpaka barua ya mwisho.

Mjamzito ana kinga nyingine juu ya hiyo. Kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachogeuza sehemu kubwa ya kotisoli ya mama kuwa kotisoni, ambayo haina nguvu, kabla haijamfikia mtoto. Kimeng'enya hicho kinaweza kudhoofika mama akiishi na msongo mkali wa muda mrefu au akikosa chakula cha kutosha, na hapo kotisoli nyingi zaidi hupenya. Wewe ulilia msibani, ukiwa na watu waliolala chini pamoja nawe, wakakupikia na kukubembeleza ule. Hali yako ni tofauti kabisa na ya mwanamke anayepigwa usiku baada ya usiku kwa miezi tisa bila mtu wa kumsemea.

Takwimu nazo zinasaidia. Eneo la Bristol, Uingereza, maelfu ya wanawake waliojifungua mwanzoni mwa miaka ya 1990 walifuatiliwa pamoja na watoto wao. Wanawake waliokuwa na wasiwasi mkubwa kupita wenzao mwishoni mwa ujauzito, watoto wao walikuwa na uwezekano wa takriban maradufu wa kuonyesha matatizo ya hisia au tabia walipofika miaka minne. Hilo ni jambo la kuchukuliwa kwa uzito. Lakini hata katika kundi hilo lenye wasiwasi, watoto walio wengi hawakuwa na tatizo hilo.

Kula, hudhuria kliniki, na kama bado unalia kila siku au hupati usingizi, mwambie mkunga wazi wazi, usisubiri akuulize. Wifi yako, kama anamhurumia mtoto, njia ya kumsaidia ni kukupunguzia wewe kazi za nyumbani.

Mwanamume wa miaka 36, Nairobi: Baba alikuwa mlevi na alitupiga sana. Leo bosi akiinua sauti mkutanoni, mikono inanitetemeka na usiku silali. Ndugu yangu anayenifuata, tuliyekuwa tukilala kitanda kimoja, hata aibiwe hashtuki. Mkewe anasema ni kama ameolewa na gogo. Nyumba moja, baba mmoja. Inakuwaje?

Kaka, inawezekana nyote wawili mmeumizwa na kitu kimoja, kila mmoja kwa namna yake. Fikiria mlinzi wa usiku aliyevamiwa mara nyingi. Mmoja atapiga filimbi hata paka akipita. Mwingine, baada ya kupiga filimbi mwaka mzima bila mtu kuja, ataiweka chini asiipige tena.

Aina yako ilionekana vizuri katika utafiti wa Christine Heim na wenzake wa Atlanta, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000. Wanawake waliwekwa mbele ya watu wasiowajua, wakatakiwa kutoa hotuba na kufanya hesabu kwa sauti. Wale waliodhulumiwa utotoni, miili yao ilipandisha homoni za msongo kuliko wenzao. Na wale waliokuwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, juu ya historia hiyo, homoni ya pituitari inayoamrisha kotisoli ilipanda zaidi ya mara sita ikilinganishwa na wanawake wasio na historia hiyo. Hotuba tu, mbele ya watu wasiowajua. Kwa hiyo mikono yako ikitetemeka mbele ya bosi, mwili unafanya kazi uliyojifunza miaka mingi iliyopita, na haikuhitaji ruhusa yako.

Aina ya ndugu yako nayo inajulikana. Kwa watoto waliokulia katika vituo vya yatima vya Romania, kotisoli ilipanda kidogo sana walipopewa mtihani wa aina hiyo hiyo wakiwa na umri wa miaka 12 hivi. Mtu wa namna hii huonekana jasiri au asiyejali, na familia humchukia kwa hilo, ilhali kilichotokea ni kwamba mwili wake uliacha kuitikia.

Kwa nini mkatofautiana? Mambo kadhaa huamua: umri mtoto aliokuwa nao kipigo kilipoanza, kilidumu muda gani, vinasaba alivyozaliwa navyo, na zaidi ya yote, kama palikuwa na mtu mzima mmoja wa kumkimbilia. Jiulize nani alikuwa anakufuta machozi wewe, na nani alimfuta yeye. Mara nyingi ndugu wa nyumba moja hawakuwa na nyanya mmoja wala shangazi mmoja wa kuwaficha.

Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 9,000 wa San Diego. Waliopitia aina nne au zaidi za madhila utotoni walikuwa na uwezekano wa mara 4 hadi 12 zaidi wa kuingia kwenye ulevi, dawa za kulevya, sonona au kujaribu kujiua. Nakutajia hili kwa sababu ya kukosa usingizi kwako. Pombe ndiyo dawa ya usingizi iliyo karibu zaidi na mwanamume wa Nairobi, na wewe unajua ilimfanya nini baba. Tafuta mshauri wa saikolojia aliyefunzwa kutibu kiwewe, umweleze habari ya baba kabla ya habari ya bosi. Ndugu yako akikubali, aende na wake.

Mwanamke, Goma: Mama alikimbia vita akiwa na mimba yangu. Mpaka leo mlio wa pikipiki usiku unaniamsha moyo ukienda mbio. Sasa nimejifungua mtoto wa kike. Watu wanasema woga wa vita unaingia kwenye damu na unarithiwa. Ni kweli?

Dada yangu, swali lako limepimwa mjini kwako. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Goma kwa akina mama 25 na vichanga wao. Mama aliyepitia mateso makubwa zaidi wakati wa ujauzito, yakiwemo ya vita, mtoto wake alielekea kuzaliwa na uzito mdogo. Na kwenye jeni moja ya mtoto palikuwa na vibandiko vingi zaidi.

Jeni yenyewe haikubadilika. Juu ya jeni hukaa vibandiko vidogo vya kikemikali viitwavyo methili, vinavyoamua jeni itumike sana au kidogo. Jeni iliyopimwa ndiyo inayotengeneza vipokezi vya kotisoli, mahali ambapo homoni hiyo hukamata ili ubongo ujue kwamba imeshatosha. Vibandiko vikirundikana, vipokezi vinaweza kupungua, na mfumo mzima wa msongo unakosa kipimo sawa.

Rwanda nako, utafiti wa mwaka 2014 uliwalinganisha wanawake 25 wa Kitutsi waliokuwa na mimba wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, pamoja na watoto wao, na wanawake 25 wa Kitutsi waliokuwa na mimba wakati ule ule lakini hawakuyapitia mauaji hayo. Waliopitia, pamoja na watoto wao waliokuwa tumboni, walikutwa na kotisoli ya chini na vibandiko vingi zaidi kwenye jeni ile ile.

Hapa inabidi kwenda taratibu. Watu 25 ni wachache. Na mtoto aliyekuwa tumboni mwaka 1994 alizaliwa, akanyonyeshwa na kulelewa na mama mwenye jeraha lile lile, katika nchi yenye jeraha lile lile. Damu pekee haiwezi kukwambia kipi kilitoka tumboni na kipi kilitoka nyumbani.

Jaribio linalonisaidia kulitenganisha hilo ni la panya, lililofanywa na Michael Meaney na wenzake Montreal, Kanada. Panya jike wengine huwalamba watoto wao sana, wengine kidogo. Watoto waliolambwa sana hukua wakiwa na vipokezi vingi vya kotisoli katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, na hutulia upesi baada ya kushtuka. Watafiti wakabadilisha watoto: aliyezaliwa na mama asiyelamba wakampa mama anayelamba. Mtoto akakua mtulivu kama ndugu zake wa kulelewa. Mwaka 2004 wakaonyesha kwamba tofauti ya vibandiko hutokea katika wiki ya kwanza ya maisha, kufuatana na jinsi mama alivyolea.

Binadamu si panya, lakini mambo mawili nayachukua. Kinachoitwa kurithi woga huenda kwa sehemu kubwa kinapita mikononi mwa anayemlea mtoto baada ya kuzaliwa. Pili, njia hiyo hiyo inapitisha utulivu. Binti yako ukimbeba kifuani, ukamnyonyesha huku mnatazamana, ukamwitikia anapolia, unafanya kazi ambayo hakuna dawa inayoweza kuifanya. Ukiamshwa na pikipiki usiku, yeye hapati madhara kwa wewe kushtuka. Washa taa, keti, pumua pole pole kwa kurefusha pumzi ya kutoka, ndipo umnyanyue.

Na niseme hili kwa sauti: nimechoka kusoma habari ambazo lawama zake zinaishia kwenye tumbo la mama. Mama yako hakuileta vita Goma. Alikubeba akakuvusha.

Mama wa mtoto njiti, Mombasa: Nilipopata uchungu mimba ikiwa na wiki 30 nilichomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Nimesoma kwamba ni dawa ya jamii ya homoni za msongo na inadhuru ubongo. Nilikosea kukubali?

Hapana, hukukosea. Dawa hizo, deksamethasoni na betamethasoni, kweli ni za jamii ya kotisoli, na kimeng'enya cha kondo hakizizuii vizuri, ndiyo maana zinamfikia mtoto. Tangu Liggins na Howie wa New Zealand walipochapisha jaribio lao mwaka 1972, zimeokoa vichanga wasiohesabika. Mwaka 2020 jaribio la Shirika la Afya Duniani, ambalo Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi tano zilizoshiriki, lilionyesha kwamba deksamethasoni ilipunguza vifo vya watoto njiti hata katika hospitali za nchi kama zetu. Kwa wiki 30 hatari ya kwanza ni mtoto kushindwa kupumua.

Ulichosoma huenda kilitoka Finland. Huko walifuatilia watoto zaidi ya 600,000, wakaona matatizo ya akili na tabia mengi zaidi kwa waliopewa dawa hizo tumboni, hasa wale ambao mwishowe walizaliwa wakiwa wametimiza miezi. Kwa hiyo somo ni la daktari: asichome kwa kubahatisha, wala kurudia rudia bila sababu. Wewe endelea kumbeba wako kwa mtindo wa kangaruu, ngozi kwa ngozi.

Msichana, Arusha: Pombe kidogo, sigara na udongo wa wajawazito, kipi kibaya?

Pombe na sigara acha vyote, mdogo wangu. Pombe hupita kwenye kondo moja kwa moja na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Pamoja na madhara mengine, huufanya mfumo wa msongo wa mtoto uitikie kupita kiasi. Udongo nao umepimwa kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu Tanzania, na matokeo ya 2014 yalionyesha una risasi na aseniki. Hamu ya udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, kwa hiyo omba upimwe damu.

Mwalimu wa shule ya msingi, Shinyanga: Sisi tulichapwa tukawa watu. Sasa mnasema kiboko kinaharibu ubongo. Darasani nina watoto 90. Mnataka nifanyeje?

Mwalimu, watoto 90 kwa mtu mmoja ni mzigo ambao wanaokulaumu wangeushindwa kabla ya mapumziko ya chai. Naanzia hapo.

Lakini sikubaliani nawe kuhusu kiboko. Mtoto anayengoja kuchapwa hutazama mkono wako, hatazami ubao. Kotisoli ikipanda kila asubuhi, umakini wote unahamia kwenye hatari, na somo halipati nafasi ya kuhifadhiwa. Ushahidi ulio mzito zaidi unahusu hofu ya kujirudia, ile isiyotabirika, ambayo mtoto hana pa kuikimbilia. Na kwetu hofu hiyo ipo shuleni na nyumbani pia: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania, wa kike na wa kiume, walipigwa kabla ya kufika miaka 18. Aliyechapwa shuleni akarudi nyumbani akachapwa hana saa ambayo mwili wake unapumzika. "Tulichapwa tukawa watu" husemwa na waliobaki darasani. Waliotoroka shule kwa ajili ya kiboko hawapo ofisini kukujibu.

Njia nyingine ipo na imejaribiwa hapa hapa. Katika shule za sekondari za umma Tanzania, walimu walipewa mafunzo ya siku chache ya kuongoza darasa bila kipigo wala matusi. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kwamba miezi michache baadaye, ukatili wa walimu hao kwa wanafunzi ulikuwa umepungua. Anza na mmoja: mtoto anayechapwa kuliko wote darasani kwako. Muite pembeni umuulize jana usiku alikula nini na alilala wapi.

Bibi, Bukoba: Mwanangu, nimemchukua mjukuu wangu wa miaka minne. Mama yake alikuwa akimfungia ndani siku nzima anaenda kuhangaika. Mtoto akianguka halii. Mgeni yeyote akija, anampanda mapajani na anataka aondoke naye. Nimechelewa?

Shikamoo bibi. Hujachelewa, na unachokiona kina maelezo. Mtoto aliyelia mara nyingi bila mtu kuja hujifunza kwamba kulia hakuna faida. Na asiyekuwa na mtu wake hasa huenda kwa mtu yeyote.

Tabia hizi zilichunguzwa kwa kina Bucharest. Utawala wa Ceaușescu nchini Romania ulipoanguka mwaka 1989, dunia iliona zaidi ya watoto 100,000 wakiishi katika vituo, bila mtu wao wa kuwashika. Kuanzia mwaka 2000, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto 136 wa vituo hivyo. Nusu walipelekwa kwa kura kwenye familia za malezi. Waliopata familia kabla ya takriban miaka miwili, miili yao baadaye iliitikia msongo karibu sawa na watoto waliokulia kwao. Waliochelewa, au waliobaki kituoni, walibaki na ule mwitikio uliozimika.

Najua mjukuu wako ameshapita miaka miwili. Ndiyo maana nafurahi kukuandikia hili la pili: Megan Gunnar wa Minnesota, Marekani, aliwafuatilia watoto waliotolewa vituoni wakaasiliwa na familia nzuri, na mwaka 2019 akaonyesha kwamba walipobalehe, kotisoli yao ilianza kuitikia kama ya wenzao. Balehe hufungua tena mlango uliodhaniwa umefungwa, mradi mtoto awe mahali salama wakati huo.

Kwa sasa, akianguka mwendee hata kama halii. Mguse goti, mwambie "pole, imeuma hapa". Awe na mtu mmoja wa kumlaza kila usiku, na mtu huyo awe wewe. Usimchape kwa kukimbilia wageni. Waombe wageni wamrudishe kwako wakisema "nenda kwa bibi". Siku atakapolia akakujia wewe, usiseme anadeka. Hiyo ndiyo siku uliyokuwa ukiingoja. Na mama yake, kama bado yuko hai na anahangaika, asikatwe. Naye huenda hakuwa na bibi kama wewe.

Dereva wa bodaboda, Dodoma: Mke wangu ana mimba ya miezi mitano. Amekuwa mkimya, hali vizuri, hata kusuka nywele ameacha. Mama anasema anadeka. Mimi nina wasiwasi.

Endelea kuwa na wasiwasi huo, mdogo wangu. Kunyamaza, kupoteza hamu ya chakula na kuacha mambo aliyokuwa akiyapenda, vikizidi wiki mbili, vinaweza kuwa sonona ya ujauzito. Ni ugonjwa na unatibika. Pakistan vijijini, wahudumu wa afya wa jamii walifundishwa kuongea na wajawazito wenye sonona kwa utaratibu maalumu, wakiwatembelea nyumbani na kuihusisha familia. Matokeo ya 2008: miezi sita baada ya kujifungua, asilimia 23 ya akina mama hao walikuwa bado na sonona, dhidi ya asilimia 53 ya waliotembelewa na wahudumu wasio na mafunzo hayo.

Siku ya kliniki paki pikipiki uingie naye. Mweleze muuguzi ulichokiona wewe, hata kile cha nywele, kwa sababu mkeo akiulizwa atasema yuko sawa. Nyumbani chukua maji na kuni mikononi mwake. Mama yako mwombe apunguze maneno. Kama atakusikiliza zaidi mbele ya shangazi au mchungaji au shehe, mtafute huyo. Usiku muulize analala akiwaza nini, halafu usimkatize. Na akisema anatamani afe, au mtoto asizaliwe, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake hata kwa saa moja.